Maswali ya Wasomaji: Bei ya Kosa Moja Katika Filamu ya Vijana

Mwezi huu barua nyingi zilizotufikia zinahusu jambo moja, nalo ni filamu za taharuki za vijana wa shule, zile zinazotengenezwa kwa pesa kidogo na kusimulia jinsi mtoto wa tajiri na mtoto wa maskini wanavyolala katika bweni moja bila kuwa sawa. Nimechagua barua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu walioiandika wanakaribia kuanza kazi, na pesa walizo nazo ni chache mno kupotezwa kwa ushauri wa juujuu.

Barua ya kwanza, kutoka Jinja

Ndugu mjibu maswali, sisi ni vijana saba tuliomaliza kidato cha sita. Tumechanga shilingi milioni 2 ili tutengeneze filamu ya taharuki ya dakika 70 hivi. Hadithi yetu ni ya kijana maskini anayesoma kwa basari katika shule ya bweni. Yeye na rafiki yake, mtoto wa tajiri, wanaingia usiku katika ofisi ya mkuu wa shule na kuiba kabatini karatasi za mtihani wa UNEB, yaani Baraza la Mitihani la Taifa la Uganda. Shida yetu ni kwamba hatuna jumba la kifahari, hatuna gari la maana, wala hatuna bunduki za kuigizia, na watu wanatuambia kuwa bila vitu hivyo hakuna atakayesisimka. Tufanye nini, mzee wetu?

Jibu: Wanangu wa Jinja, nianze na kosa lililomo katika hadithi yenyewe, maana likibaki hapo hakuna kamera itakayolifunika. Karatasi za UNEB hazilali katika kabati la mkuu wa shule. Huhifadhiwa katika makontena ya chuma kwenye vituo vya polisi, na ni asubuhi ya mtihani ndipo zinapotolewa na kupelekwa shuleni chini ya ulinzi. Mtazamaji wa Uganda, ambaye husikia habari za makontena hayo redioni kila msimu wa mitihani, atacheka pale ambapo nyinyi mlitaka ashike roho. Badilisheni mtihani. Chukueni ule wa majaribio, ambao wanafunzi huuita moki, kwa kuwa karatasi zake zinaweza kukaa shuleni, katika ofisi ya mkurugenzi wa masomo, na ufunguo wake ukawa mfukoni mwa mtu ambaye kila mwanafunzi anamjua kwa mwendo wake. Katika hadithi yenu, matokeo ya moki ndiyo yawe yanaamua kama kijana ataendelea kupewa basari. Kwa badiliko hilo moja mmekwisha kuokoa gharama za kituo cha polisi, sare za polisi na bunduki, na hadithi imekaribia zaidi maisha ambayo nyinyi wenyewe mmeyaishi.

Sasa nije kwenye jumba, gari na bunduki. Waliowaambia kwamba filamu haitasisimua bila vitu hivyo wamechanganya filamu ya mapigano na filamu ya taharuki, na hasa taharuki inayohusu matabaka. Katika filamu kama yenu kinachomtia mtazamaji hofu ni bei ya kosa, yaani kile ambacho kila mmoja atalipa endapo mlango utafunguliwa ghafla na taa ikawashwa.

Niwasimulie jambo nililoliona mwenyewe. Nilipokuwa kidato cha tatu, vijana wawili wa bweni letu, waliokuwa wakilala kitanda kimoja cha deka, mmoja juu na mwingine chini, waliruka ua usiku wa Jumamosi kwenda kutazama filamu katika kibanda cha video kilichokuwa ng'ambo ya barabara. Askari aliwakamata wakirudi. Jumatatu asubuhi baba wa yule wa kitanda cha juu alifika na gari, akaingia ofisini, mlango ukafungwa, na baada ya kama robo saa kijana wake akarudi darasani akaketi na kufungua daftari la jiografia. Yule wa kitanda cha chini hakuwa na mtu wa kumjia siku ile, kwa sababu mama yake alikuwa mbali na hakuwa na nauli. Alipewa barua na kuambiwa afunge vitu vyake. Mimi ndiye niliyemsaidia kubeba sanduku lake la bati mpaka langoni, na nakumbuka kwamba kitasa chake kilikuwa kimevunjika, hivyo alikuwa amelizungushia kamba ya katani ileile aliyoanikia nguo bwenini. Tuliliweka chini mara mbili njiani ili apumzike. Alipopanda teksi, kondakta alimdai nauli ya mtu na nauli ya sanduku. Hakurudi tena katika shule ile, na basari yake akapewa mwingine.

Tazameni hesabu iliyomo humo. Ua ulikuwa uleule na usiku ulikuwa uleule, lakini mmoja alilipa robo saa ya aibu ya baba yake na mwingine alilipa masomo yote. Hapo ndipo filamu yenu ilipo. Hofu ya mtazamaji huanza pale tu anapojua mapema kitakachopotea, na kwa sababu hiyo, katika dakika kumi za mwanzo, kabla ya wizi wowote, nionyesheni mama wa kijana huyo akihesabu noti za elfu moja moja zenye harufu ya samaki juu ya mkeka, akizipanga mafungu, kisha akilirudia fungu la karo na kuliongezea noti mbili alizozitoa katika fungu la chakula. Nionyesheni pia rafiki yake tajiri akipoteza bafuni saa ya mkononi yenye thamani ya karo ya muhula mzima, na asirudi kuitafuta. Msieleze lolote kwa maneno. Baada ya mambo hayo mawili, mlango wa ofisi ukilia kidogo tu usiku wa wizi, ukumbi mzima utanyamaza, na hakuna bunduki itakayowapa ukimya wa namna hiyo.

Iko filamu ya Thailand ya mwaka 2017 iitwayo Bad Genius, ambayo ningependa muitazame kwa makini kabla ya kuandika ukurasa mwingine. Ndani yake binti hodari wa hesabu, mwenye basari, anawauzia wanafunzi matajiri majibu ya mtihani, na mojawapo ya njia zake ni kuchezesha vidole juu ya dawati kama mtu anayepiga piano, kila wimbo ukiwa na maana ya herufi moja ya jibu. Vyombo vyake ni penseli, karatasi na saa ya ukutani, na bado mtazamaji anatokwa jasho. Kinachonivutia zaidi ni kwamba shule yenyewe inapokea pesa za chini ya meza kutoka kwa wazazi, hivyo mtoto anapoanza kuuza majibu anafanya alichojifunza kwa wakubwa. Msiige hadithi hiyo. Jifunzeni jinsi kitu kidogo kinavyobebeshwa uzito mkubwa.

Jumba la kifahari msilikodi, kwa sababu siku mbili za kodi zitamaliza mfuko wenu. Utajiri huonekana vizuri zaidi ukiwa nje yake. Kampala imejengwa hivyo: juu ya kilima nyumba zenye kuta ndefu, na bondeni, mahali maji ya mvua yanapokusanyika, nyumba za mabati zilizobanana, kama Kololo ilivyo na Kamwokya miguuni pake, au Muyenga na Namuwongo. Nanyi Jinja mna Masese na Walukuba upande mmoja, na upande mwingine nyumba za zamani zenye bustani pana kuelekea Nile. Wekeni kamera upande wa chini. Umeme unapokatika usiku, bondeni kote kunakuwa giza, mama mmoja anawasha tadooba, ile taa ndogo ya mafuta, na huko juu jenereta zinaanza kunguruma moja baada ya nyingine na madirisha yanawaka tena. Picha hiyo ni ya bure, inahitaji subira ya usiku mmoja au miwili tu, na inasema kuhusu matabaka yale ambayo wahusika wenu wangeyasema kwa kurasa tatu. Mkitaka kuonyesha nyumba ya tajiri kwa karibu, onyesheni lango lake, kitobo cha askari kuchungulia, na sauti ya mbwa asiyeonekana.

Kuhusu uchache wa pesa, msione haya. Christopher Nolan alitengeneza filamu yake ya kwanza ndefu, Following ya mwaka 1998, kwa dola 6,000 hivi, akipiga picha siku za Jumamosi kwa muda wa karibu mwaka mzima kwa sababu waigizaji wake walikuwa na kazi zao, na aliwafanyisha mazoezi ya kutosha ili kila tukio likamilike kwa kurudiwa mara moja au mbili tu, maana mkanda ulikuwa ghali. Rian Johnson alipiga filamu ya taharuki ya vijana, Brick ya mwaka 2005, katika shule ileile ya California aliyosoma yeye mwenyewe. Na hapa kwetu, Isaac Nabwana wa Wakaliga, kitongoji cha Kampala, mtu aliyewahi kufyatua matofali ili apate riziki, alitoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa pesa zinazosemekana hazikufika dola 200, akaihariri kwa kompyuta aliyoiunganisha mwenyewe kutokana na vipande vya zamani. Somo la Nabwana kwenu ni la kuhifadhi pia: nakala asili ya filamu hiyo ilifutwa kwenye kompyuta ili kupata nafasi ya kazi nyingine, na iliyobaki ni nakala ya ubora wa chini. Katika milioni 2 zenu, tengeni pesa za diski mbili za kuhifadhia, moja ikae kwa mmoja wenu na nyingine nyumba tofauti kabisa.

Pesa nyingine ziwekeni kwenye sauti. Picha ya simu nzuri inatosha siku hizi, lakini mtazamaji asiyesikia maneno hukata tamaa mapema kuliko anayeona picha yenye giza. Kodisheni kinasa sauti chenye maikrofoni ya kuning'iniza, na msirekodi mazungumzo chini ya bati mvua ikinyesha. Kwa kuwa shule zitakuwa tupu wakati wa likizo ndefu ya Desemba na Januari, na mvua kwa kawaida zimepungua, huo ndio wakati wenu. Lakini kumbukeni nywele. Wasichana wengi wa shule zetu hutakiwa kunyoa, na likizo ikifika wanasuka siku ya kwanza, hivyo waigizaji wenu wa kike wakubaliane mapema kubaki na nywele fupi hadi siku ya mwisho. Jambo hilohilo linaweza kuingia katika hadithi: mhusika anayehamia kwenu kutoka shule ya kimataifa ya Kampala anafika na nywele ndefu zilizosukwa, na mkasi wa matroni unapopita, ndiyo mara ya kwanza katika maisha yake sheria ya shule kumgusa mwilini.

Barua ya pili, kutoka Arua

Mwalimu mwenzangu, mimi nafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari. Wanafunzi wangu wanaandika filamu fupi ya namna hii na wanabishana kuhusu lugha. Wengine wanataka Kiingereza tupu ili filamu ikubalike nje, wengine wanataka lugha za nyumbani. Mimi natamani Kiswahili, lakini sitaki kuwalazimisha. Unasemaje?

Jibu: Mwalimu, nafurahi kwamba hukuwalazimisha, kwa sababu lugha katika hadithi ya matabaka haipaswi kuchaguliwa kama mtu anavyochagua rangi ya pazia. Katika shule zetu lugha yenyewe ni ngazi. Wengi wetu tulivaa shingoni kile kipande cha mbao au gunia alilovishwa aliyesikika akizungumza lugha ya mama yake, na tulikuwa tukiwavizia wenzetu kama mtu anayevizia panya, kwa sababu njia pekee ya kukivua ilikuwa kumsikia mwenzako akikosea na kumpokeza. Sijui mchezo wa taharuki uliokamilika kuliko huo, na shule zilitupatia bure. Mtoto aliyelelewa katika Kiingereza nyumbani hakuwahi kukivaa hata siku moja, na alidhani ni kwa sababu yeye ni mtiifu.

Kiswahili kina nafasi yake ya pekee hapa Uganda, na wanafunzi wako waijue historia hiyo. Kwa miaka mingi wananchi wengi walikisikia kwanza katika vinywa vya wanajeshi na polisi. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na jambo hilo halikukipa sifa njema kwa waliokuwa wakiogopa utawala wake. Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Kwa hiyo mtoto wa leo anakutana nacho darasani kama somo, na langoni kama lugha ya askari.

Hapo langoni ndipo ningewapeleka wanafunzi wako. Wamweke mtoto wa tajiri ndani ya gari, ashushe kioo kidogo na kusema neno moja, "Fungua." Kisha wamlete mwenzake kwa miguu, mtoto wa mama anayeuza vitenge mpakani, anayesimama na kusema, "Habari za kazi, mzee. Naomba unifungulie." Wote wawili wamezungumza Kiswahili, na lango limefunguka mara zote mbili, lakini askari amemjibu mmoja kwa mkono na mwingine kwa maneno, na maneno hayo, pengine kuhusu mkurugenzi wa masomo aliyerudi ofisini bila kutarajiwa, yanaweza kuwa ndiyo habari itakayomwokoa kijana maskini usiku ule. Mtoto wa tajiri, ambaye miaka yote amepita mbele ya askari huyo bila kumsikia, hataipata habari hiyo. Waache wahusika wazungumze Kiingereza darasani, lugha za nyumbani bwenini na Kiswahili langoni, na maandishi yawekwe chini ya picha kwa ajili ya watazamaji wa mbali. Filamu haitapungukiwa na watazamaji kwa kusema kweli kuhusu jinsi tunavyozungumza.

Barua ya tatu, kutoka Kololo, Kampala

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano. Baba yangu ana biashara na hatujapungukiwa. Katika kila filamu ya aina hii ninayoiona, binti wa tajiri ni katili, anawacheka wenzake na kuwasingizia wizi. Mimi sijawahi kumdharau mtu, na rafiki yangu mkubwa anasoma kwa basari. Je, ni haki tuchorwe hivyo sote?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Malalamiko yako nayakubali, na nayakubali pia kama mtu anayeipenda kazi hii, kwa sababu tajiri katili ni mhusika wa mkato. Anamfanya mtazamaji aamini kwamba dhuluma huletwa na watu wenye roho mbaya, kwa hiyo yeye mwenye roho nzuri hahusiki. Mambo hayaendi hivyo. Shule zetu kongwe za bweni zilianza na mgawanyo huu waziwazi: Gayaza ilianzishwa mwaka 1905 kwa ajili ya mabinti wa machifu, na Budo mwaka 1906 kwa ajili ya wana wao. Hakuna mwanafunzi wa leo aliyeamua jambo hilo. Baadaye serikali ilileta elimu ya msingi kwa wote mwaka 1997 na ya sekondari mwaka 2007, milango ikapanuka sana, lakini karo za bweni ziliendelea kuchagua nani atalala wapi. Wewe umezaliwa ndani ya mpango uliokutangulia kwa zaidi ya miaka mia moja, nao unakufaa bila ya wewe kuusukuma.

Ndiyo maana ningependa kumwona mhusika mwenye moyo kama wako. Mwandike hivi: ni mkarimu, siku ya kutembelewa humwita rafiki yake kwenye mkeka wa familia yao na kumkatia kuku, humgawia sukari na sabuni muhula mzima bila kuhesabu. Kisha kosa linatokea, wote wawili wamehusika, na yeye anaazima simu ya matroni na kumpigia baba yake huku akilia. Baba anampigia mkuu wa shule. Msichana analala usingizi akiamini kwamba yamekwisha. Asubuhi anaona kitanda cha rafiki yake hakina godoro. Hakumsaliti mtu, hakusema uongo wowote. Alipokuwa akizungumza na baba yake alitaja jina moja, na hakukumbuka kwamba angeweza kutaja majina mawili.

Mtazamaji wa tabaka lako akimwona huyo hatasema, "Mimi si katili kama yule," kwa sababu hatakuwa na katili wa kujilinganisha naye. Nakuomba uandike kurasa zake wewe mwenyewe, kwa kuwa unaijua sauti ya baba huyo kwenye simu kuliko mwandishi yeyote wa Wakaliga au Masese, kisha umpe rafiki yako azisome kabla ya mtu mwingine. Mahali atakaponyamaza muda mrefu, mwulize.

Barua ya nne, kutoka Busia

Ndugu, mimi ni mama wa watoto watatu na nauza nguo hapa mpakani. Mwanangu wa kwanza yuko kidato cha pili. Nilimkuta likizo akitazama filamu ya vijana wa shule wakiiba kwa sababu ya umaskini, nikaizima, maana naogopa itamfundisha wivu na wizi. Je, nilikosea?

Jibu: Mama, hukukosea kuogopa, na sitakuambia kwamba kila filamu inafaa. Ziko zinazopamba wizi kwa muziki mtamu na kumalizika kabla mtu yeyote hajalipa, na hizo hata mimi nisingependa wajukuu wangu wazitazame peke yao. Lakini kuhusu wivu, mwanao hakungojea filamu. Siku ya kufungua shule alisimama kwenye foleni ya ukaguzi akiwa na rimu ya karatasi, mifagio na karatasi za chooni kama orodha ilivyodai, na akaona sanduku la kila mwenzake likifunguliwa mbele yake. Anajua nani alikuja na makopo ya maziwa na nani alikuja na kilo moja ya unga wa mahindi wa uji. Pengine hajakuambia kwa sababu anajua ulivyohangaika kuipata hiyo rimu, na hataki uumie.

Filamu nzuri ya aina hii inaweza kuwapa nyinyi wawili njia ya kulizungumza jambo hilo bila kujitaja. Likizo ijayo keti naye muitazame pamoja hadi mwisho, hata kama kazi zinakusubiri, kisha mwulize swali moja tu: kati ya wale vijana, kama angekuwa mmoja wao, angeogopa kumwambia nani? Usimkatize anapojibu. Kama filamu yenyewe ni ile ya kupamba wizi, swali hilohilo litaonyesha ubovu wake, kwa kuwa wahusika wake hawana mama, hawana karo na hawana mtu wa kumwogopa.

Barua ya tano, kutoka Mbale

Tunataka kupiga picha katika shule yetu ya zamani, na baadhi ya waigizaji wana miaka 15 na 16. Tunahitaji ruhusa gani?

Jibu: Kwa sheria yetu kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, hivyo pateni kibali cha maandishi cha mzazi au mlezi wa kila mmoja wao, kikisema siku, saa na mahali, na msiwapige picha usiku wa manane kwa kisingizio kwamba hadithi ni ya usiku, fungeni madirisha kwa mablanketi mazito mchana. Filamu itakayoonyeshwa hadharani hupitia Baraza la Habari kwa ajili ya kupangiwa umri wa watazamaji. Haki za hadithi zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006 na mnaweza kuzisajili URSB, ofisi ya serikali ya usajili. Mkimaliza, Tume ya Mawasiliano huandaa Tamasha la Filamu la Uganda, lililoanza mwaka 2013, nanyi mfuatilie matangazo ya kupokea kazi.

Shule iwape barua yenye muhuri wa mkuu wa shule, itaje majengo mtakayoyatumia, na mkubaliane kwamba jina na nembo ya shule havitaonekana, hata kwenye sweta. Toeni nakala yake, na nakala hiyo ikae katika begi la anayeshika kamera, kwa sababu yeye ndiye atakayesimamishwa kwanza na askari langoni.